Wenye Saa Hula Kwanza

Kwa siku tano sikulala vizuri kwa sababu ya neno moja nililoliandika kwenye fomu ya ofisi. Fomu iliuliza kama mhusika wa hadithi amekubali kupigwa picha, nami nikajaza: ndiyo. Nilikuwa sijamuuliza. Nilichokuwa nimefanya ni kumpigia simu mama mdogo wangu aliyeko Jidda na kumuuliza kama naweza kuja na wageni wawili kwenye choma ya Ijumaa, naye akanijibu kwamba mgeni hafukuzwi penye nyama. Kichwani mwangu jibu hilo lilisafiri mbali. Kama wageni wanaruhusiwa, basi na mizigo yao inaruhusiwa. Mizigo yao ni kamera. Kamera ikiruhusiwa, atakayesimama mbele yake ameshakubali. Nina shahada ya mawasiliano, na hiyo ndiyo mantiki niliyoweza kuitengeneza.

Ofisi yetu iko Sulimaniyah, Riyadh, juu ya duka la miwani. Tunatengeneza filamu fupi za michezo za kuuzia televisheni. Kazi yangu ni kutafuta watu wenye hadithi: kipa aliyerudi uwanjani baada ya kuvunjika mguu, mama anayefua jezi za timu nzima. Ulikuwa umebaki mwezi mmoja wa kipindi changu cha majaribio. Kampuni ndiyo kafili wangu, mdhamini wangu nchini humu. Wasiponitaka, ikama, kibali changu cha kukaa, inakwisha na mimi narudi Mombasa. Hadithi zangu nne za kwanza zilikataliwa. Ya tano ilitoka kwenye mkutano wa Jumapili, bosi alipotuonyesha kipindi cha familia za watu weusi wa Marekani wakichoma nyama uani wakati wa kiangazi, babu na wajukuu, wakisimuliana habari za kijana wao aliyewahi kuchezea timu kubwa. Alisimamisha picha, akanigeukia. Mweusi pale mezani nilikuwa mimi peke yangu.

"Nyinyi hapa hamna kitu kama hiki?"

"Tunacho," nikasema. Kisha, kwa kuwa kila mtu alikuwa ananitazama, nikaongeza: "Na tuna mkimbiaji."

Nikawasimulia. Mkimbiaji huyo ni dada mmoja kutoka nyanda za juu za Bonde la Ufa, anakaribia miaka arobaini, anafanya kazi za nyumbani Jidda. Zamani alikuwa akilipwa kukimbia mbele ya wenzake katika mbio ndefu, awavute kwa kasi mpaka kilomita ya thelathini, kisha atoke pembeni awaachie wao ushindi. Siku moja, katika mji wa baridi huko Ulaya, alifika kwenye alama yake, akamwona mtu anamngoja na blanketi, akampita. Alimaliza wa pili. Wakala wake hakumwita tena. Hadithi hii aliisimulia msimu uliopita akiwa mbele ya jiko, na tulipomuuliza kwa nini hakutoka, alisema lile blanketi lilikuwa kama la hospitali, akaliogopa.

Bosi alipiga meza kwa kidole. "Halas. Hii ndiyo. Mpiga picha yuko Jidda tayari kwa ajili ya mechi. Ijumaa apitie huko. Amekubali huyo mama?"

"Ndiyo," nikasema. Mchana huo nikampigia mama mdogo, na jioni fomu ikaletwa.

Choma yetu hufanyika kwenye paa la jengo analokaa mama mdogo, Ruwais, kati ya matangi ya maji na madishi ya televisheni. Ni ya majira ya joto tu, kwa sababu ndipo madam wengi husafiri na watoto wao, na dada waliobaki kulinda nyumba hupata Ijumaa mbili tatu za kupumua. Joto la Jidda halitaki moto wa mchana. Makaa huwashwa watu wakitoka kuswali alfajiri, na ikifika saa tatu asubuhi paa limeshafagiliwa. Waislamu na Wakristo huja, Wakenya wengi, Watanzania wachache, na jirani mmoja Msudani ambaye huleta vitunguu na kusema hawezi kukaa, kisha anakaa.

Pana sheria moja. Chakula hakigawiwi kwa umri wala kwa cheo. Ukifika unamwambia mama mdogo saa yako, yaani saa unayotakiwa uwe umerudi kwa mwajiri, naye anaipanga kichwani. Mwenye saa ya mapema hula kwanza. Madereva, manesi na sisi wa ofisini tunangoja. Tena mwenye saa haombwi kitu kabla hajala: hapewi mtoto ashike, hatumwi maji, haulizwi neno la maana. Mama mdogo husema ameshaombwa wiki nzima.

Mpango wangu ulikuwa mwepesi. Nitafika Alhamisi jioni. Ijumaa nitamwahi yule dada mara tu akifika, nimuulize, akubali, na ile fomu iwe kweli kabla kamera hazijafika saa moja na nusu. Niliupitia mpango huo kwenye ndege mara nyingi sana. Ile sheria ya mama mdogo haikunijia akilini hata mara moja.

Dada alifika kabla jua halijachomoza, mtandio umefungwa kiunoni juu ya abaya, na kabla sijainuka nilimsikia akisema saa yake. "Mbili na nusu niwe mlangoni, Mama." Akaenda moja kwa moja kwenye jiko, pipa lililokatwa katikati kwa urefu, akamnyang'anya baba mdogo koleo.

"Haya, ameingia," baba mdogo akasema kwa sauti ya mtangazaji wa mpira. Ni mume wa mama mdogo, dereva wa basi la shule, na kila msimu hutangaza nyama kana kwamba ni mechi. "Anautazama mguu wa mbuzi. Anaugusa. Anaupeleka wingi ya kushoto, kwenye makaa madogo. Mashabiki wa mishikaki wameanza kuondoka uwanjani."

"Mashabiki wa mishikaki wako hapa," mama mdogo akajibu akiwa anatunga vipande kwenye vijiti. "Nyama haina ukwaju, haina tangawizi. Huko kwenu bara mnakula kuni."

"Chumvi inatosha, Mama. Nyama ikiwa nzuri haihitaji kuvalishwa nguo."

"Sikiliza huyo. Na ile mutura yenu ya utumbo na damu nayo utatuletea lini?"

"Mutura hapa mafi," dada akasema kwa Kiarabu cha madam, yaani hakuna, na watu wakacheka. Mimi nilicheka nikiwa nimechelewa.

Kwa kawaida angekula mapema. Siku hiyo walikuwapo watatu wenye saa za mapema kuliko yake, na mguu wa mbuzi ulikuwa mnene, naye hakutaka mtu mwingine auguse. Saa kumi na mbili na nusu alikuwa bado anageuza. Nilimsogelea mara mbili. Mara ya kwanza mama mdogo aliniita nikate nyanya. Mara ya pili alinitazama tu, kisha akamtazama dada, kisha sahani tupu iliyokuwa ikimngoja, nami nikarudi kwenye nyanya.

Saa moja kasorobo simu ikatetemeka. Mpiga picha: Tumetoka hotelini.

Nilijaribu kuhesabu. Akila saa moja, dakika kumi za kula, nitakuwa na dakika ishirini za kumweleza. Lakini nikimweleza haraka ataona nimemficha. Nikimweleza polepole watafika katikati ya maelezo, na mbele ya wageni hatakataa, kwa sababu si mtu wa kumwaibisha mwenyeji wake. Nikatambua kwamba sehemu fulani ya nafsi yangu ilikuwa inaitaka hiyo njia ya pili. Nilijikata kidole. Hakuna aliyeona.

Saa moja na robo: Tumefika mapema. Jengo lipi?

Nikaandika: dakika kumi. Sikutaja jengo.

Hapo ndipo dada alipoweka koleo chini, akapewa sahani yake, akaenda kukaa kwenye kivuli cha tangi. Alikuwa amemega matonge mawili ya ugali nilipochuchumaa mbele yake.

"We msichana," mama mdogo akasema kutoka upande wa pili wa paa, bila kupaza sauti. "Huyo amekula?"

Baba mdogo aliacha kutangaza.

"Mwache, Mama," dada akasema. "Huyu ana kitu kimemkaba tangu alfajiri. Sema, mdogo wangu, kabla hakijakuua."

Nikasema. Nilisema yote kwa mpangilio mbaya, nikianza na bosi na kuishia na wale watu walioko chini barabarani. Aliendelea kumega ugali.

"Kamera ya simu?"

"Ya televisheni."

"Ya wapi?"

"Ya hapa. Na kwingine wakiinunua."

Alitafuna mpaka akamaliza. "Madam amesafiri na watoto. Mimi nimeachwa nimwangalie mama yake. Yule bibi ndiye huniambia: nenda, Ijumaa mimi nalala hadi saa tatu, msichana wa jirani atakuja kunichungulia. Madam hajui. Akijua, hatamlaumu mama yake."

"Ndiyo."

"Nimebakisha miezi minane. Nataka nirudi kwa watoto wangu nikiwa nimemaliza kazi, si nimefukuzwa." Akapangusa vidole. "Lakini sikudanganyi, ningependa wanione. Hiyo mbio hawajawahi kuiona. Wanafikiri nawatungia. Sasa wewe ndiye umesomea mambo haya. Niambie tu kama ni salama. Ukisema ni salama, nitasimama pale nichome nyama yangu, waje."

Nilikuwa nimejiandaa kwa ndiyo na nimejiandaa kwa hapana. Hili sikuwa nimelifikiria hata mara moja.

Akili yangu ikaanza mbio zake. Tutaficha sura. Sauti tutaibadilisha. Tutasema ni mji mwingine. Madam hatazami michezo. Ndiyo, lakini ana vijana wawili wanaoitazama kutwa, dada mwenyewe alishatuambia huwapelekea chai mbele ya mpira. Basi tuonyeshe mikono tu na moto. Nikaitazama mikono yake. Mkono wa kulia ulikuwa na kovu refu la pasi, na aliyekuwepo siku alipoungua ni madam, ndani ya nyumba ile ile. Na nikimwambia si salama, je, sitakuwa tena nimemwamulia, kama nilivyomwamulia Jumapili? Labda ningemwambia ukweli nusu, kwamba hatari ni ndogo. Angeniamini. Hilo ndilo lililonitisha zaidi: kila nilichotaka kusema, angekiamini.

Simu ikatetemeka tena mfukoni. Aliisikia na yeye.

"Si salama, dada," nikasema. "Naona jinsi watakavyokujua. Siwezi kulizuia hilo."

Akaitikia kwa kichwa. Usoni mwake palipita kitu ambacho hakikuwa nafuu. Nadhani alikuwa ameshawaona watoto wake wakimtazama. "Basi," akasema. "Nisogezee kachumbari."

Nikamsogezea.

"Na kwako je? Hao wako huko chini watakuelewa?"

"Sijui."

"Nenda kabla hawajapanda. Ukikaa hapa utafikiri."

Nikashuka ngazi, ghorofa tano. Mpiga picha, Msudani mpole ambaye nilikuwa nimeshafanya naye kazi mara moja, alikuwa ameegemea gari, mlango wa nyuma uko wazi, mguu wa kamera umeshatolewa, na msaidizi wake amekaa kwenye usukani. Harufu ya nyama ilikuwa imefika hadi pale chini, ndiyo iliyowaonyesha jengo. Nikamwambia hakuna kazi leo.

"Amekataa?"

"Hakukataa. Mimi ndiye ninayesimamisha."

Alifikiri kidogo. Alikuwa mtu wa kusaidia, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Tunaweza kupiga mikono tu, na moshi, na jua likipanda nyuma ya matangi. Bila sura. Bosi atafurahi, na wewe utapona."

Alisema utapona. Ofisini wote walijua umebaki mwezi mmoja. Niliona ile picha vizuri kabisa, mikono na moshi, na ilikuwa nzuri.

"Mikono yake inajulikana," nikasema. "Rudisheni vitu garini. Kisha kama mna njaa, pandeni mle. Tutangoja zamu, sisi hatuna saa."

Nikampigia bosi nikiwa nimesimama pale pale kando ya gari, ili nisipate muda wa kufikiria nikipanda ngazi. Ilikuwa Ijumaa, asubuhi mapema, na simu iliita hadi nikaanza kutumaini haitapokelewa.

"Yalla," akasema, sauti imejaa usingizi. "Mmeanza?"

"Hatuanzi. Yule dada sikuwa nimemuuliza. Nilikuambia amekubali, nikajaza fomu, na nilikuwa sijamuuliza. Leo tumezungumza, na akionekana atafukuzwa kazi. Nimewaambia wafunge vifaa."

Alikaa kimya. Kwa kawaida kimya cha mtu hunifanya nijitetee, nieleze, niombe radhi mara tatu kwa namna tatu. Maneno yalikuwa yameshajipanga kooni. Nikayaacha huko, nikamngoja, huku mpiga picha akikunja mguu wa kamera na kuufunga kamba.