Taya la Shimo la Choo, Lufingo

Jamani, chekeni tu, maana hata mimi nikipita Lufingo natembea nimeinamisha uso. Enzi za Ujamaa nilikuwa mwalimu kijana pale, binti wa mwenye duka wa Makandana, na wanakijiji walikuwa wakichimba shimo la choo cha shule wakaniletea taya lenye jino moja kubwa lililosagika, zito kama jiwe, nami (mdomo wangu huu!) nikasema palepale, "Huyu ni mtu wa kale!"

Nikaliosha kwa sabuni, nikalisugua, nikalifunga kwenye ushungi wangu mpya, na habari zikafika mpaka Tukuyu. Siku mtaalamu wa mifupa ya kale alipoletwa kutoka Dar es Salaam, mwenyekiti wa kijiji aliitisha mkutano, na nani akasimamishwa kuhutubia? Mimi! Nikatangaza kwamba huyu ndiye babu yetu sote, wazee wakavua kofia, na baba yangu, ndani ya kanzu yake ya Idi, akalipokea kwa mikono miwili, "Bismillahi," machozi yakimlengalenga.

Mtaalamu akalichungulia kwa lenzi mikononi mwa baba.

"Lilikuwa katika tabaka gani la udongo?"

"Sijui."

"Umeliosha, mwalimu?"

"Ndiyo."

Akashusha pumzi. "Basi na udongo ulioligandia umekwenda; umri wake hatutaujua kwa hakika. Na huyu si mtu. Ni nguruwe."

Uwanja mzima ukamgeukia baba. Akaliweka chini taratibu, akasema, "Leteni maji," kisha akaangua kicheko, na kijiji kizima kikamfuata. Mzee mmoja akanipigia kelele, "Ndaga fijo, mwalimu, asante kwa babu!"

Mtaalamu hakucheka. Alinishusha kwa ngazi shimoni, akanionyesha ukutani mistari ya kijivu na ya njano. "Haya ni majivu ya volkano. Yakishatua, chembe zake zinaanza kuhesabu muda kama saa. Mfupa ukilala kati ya majivu na majivu, tunajua umri wake ni mkubwa kuliko wa majivu ya juu, mdogo kuliko wa ya chini." Akasema hata wao wakipata taya la mtu hubishana miaka, huyu anasema ni wa jamii hii, yule anakataa, na mara nyingine meno ya nguruwe ndiyo yanayowasaidia kujua zama, kwa sababu yalibadilika haraka.

Nikaweka kiganja kwenye mstari wa kijivu. Ulikuwa wa baridi. Mkono wangu mmoja ulifunika muda ambao vizazi vyote ninavyovijua kwa majina visingeujaza, na vicheko vya huko juu sikuvisikia tena.

Tangu hapo nimeapa: mtu akiniletea mfupa, simpi jina. Nasema, "Urudishe ulipoutoa, kisha unipeleke nikauone ukiwa udongoni."