Shauri la Mabwana wa Uingereza

Mjukuu wangu anasoma historia chuoni, na likizo iliyopita alinisomea habari za ukoo mmoja wa mabwana wa Uingereza ya kale. Babu yao alivuka bahari na farasi mmoja, akampigania mfalme, akapewa ardhi. Wanawe wakaoa mabinti wenye ardhi zaidi. Baada ya vizazi vichache walikuwa na ngome, na mfalme mwenyewe ndiye aliyekuja kwao kuomba askari. Kisha wakatokea wafalme wawili wakigombea kiti kimoja, na ndugu wawili wa ukoo ule wakagawanyika, kila mmoja na mfalme wake. Wakauawa wote wawili. Ngome wakapewa watu wengine.

"Imeisha, Awowe," akaniambia mimi babu yake, akafunga kitabu.

Kwangu haikuisha. Baada ya swala ya Alasiri niliipeleka barazani msikitini, mahali wazee wa mtaa wetu hapa Garissa hukaa kusuluhisha kesi za ngamia na talaka. Hapo ndipo nilipokosea. Ukiwasimulia wazee wetu ugomvi hawasikii hadithi, wanasikia kesi.

"Ndugu hao ni wa mama mmoja?" aliuliza mzee mwenye ndevu za hina.

"Mmoja."

"Na wazee wao walikuwa wapi?"

"Wengi walikufa vitani. Alikuwepo askofu, yaani shehe wao."

"Shehe gani huyo, anakaa tu anatazama?"

"Naye alikuwa na mfalme wake."

Kaka yangu alikuwa ameketi pale pale, mkeka wa tatu kutoka wangu, kama alivyokaa kwa miezi kumi na minne bila kunisemesha. Mama yetu alipofariki, yeye alikuwa njiani akitoka Lafey. Niliswalisha jeneza bila kumngoja, kwa kuwa Sunna ni kuharakisha maziko. Alifika saa moja baadaye, akakuta kaburi limeshamwagiwa maji. Dini haituruhusu kununiana zaidi ya siku tatu. Nimelifundisha jambo hilo mara nyingi, naye akiwa safu ya mbele.

"Muulizeni msimulizi," kaka akasema, macho kwa mwenye hina. "Huyo mdogo hakuweza kumngoja mkubwa wake?"

"Mwambieni," nami nikamjibu mwenye hina, "jeshi lilikuwa limeshafika. Vita havingoji mtu."

"Hata saa moja?"

Mwenye hina alikuwa akigeuza shingo huku na huku kama mkalimani wa mahakamani, ingawa sote watatu tulisema lugha moja. Akachoka. "Waingereza hawa nawajua," akasema. "Mmoja ni jirani yangu. Na hajajibu swali."

Kweli, nilikuwa sijajibu. Nikamgeukia kaka.

"Saa moja ningeweza kungoja," nikasema. "Sunna nilikuwa nayo, Alhamdulillahi. Lakini pia nilitaka niwe mimi ninayesimama mbele."

Alisogeza punje kadhaa za tasbihi yake.

"Hilo nilikuwa nalijua. Hata tulipochunga mbuzi kule Tarbaj hukukubali kutembea nyuma. Mbuzi wenyewe walikuwa wakikupisha."

Wazee wakacheka, na walicheka kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Kaburi lipo, walaal, ndugu yangu," nikamwambia. "Aliyekosa jeneza huswali kaburini. Twende ukatuswalishe."

"Hukumu hiyo naijua. Nilianza kusoma kabla yako."

"Sasa mbona hukwenda?"

"Nilikuwa nangoja kuitwa."

Asubuhi iliyofuata tulijipanga makaburini, kaka mbele, mimi nyuma yake pamoja na wale wazee. Baada ya takbira ya tatu alimwombea mama kwa muda mrefu, mrefu kuliko nilivyomwombea mimi siku ile, mpaka jua likatupanda shingoni. Goti langu lilikuwa likiniuma. Sikukohoa kumharakisha.