Nguzo ya Mapigo Matatu

Mama yangu haoni vizuri siku hizi, lakini masikio yake hayajazeeka. Akiketi mlangoni pa jikoni anajua ni nani anayepita barabarani, kama amebeba majani chai au anarudi mikono mitupu, na hata kama amenuna. Nalitaja hilo mapema kwa sababu siku tulipogonga nguzo, mwenye macho nilikuwa mimi, na sikuona kitu.

Nilikuwa nimestaafu ualimu, nikarudi nyumbani kwetu upande wa Gesima, nikanunua ng'ombe wawili wa gredi, wale wa kisasa wa maziwa. Wale ng'ombe walikuwa na adabu kama wanafunzi wa darasa la nane baada ya mtihani. Kila asubuhi nilikuwa naomba msamaha kwa jirani huyu au yule. Ua wetu wa zamani ulikuwa matundu matupu, nami nikaamua kuweka nguzo na waya. Niliwaita wachimba mashimo wawili. Walipiga mtaimbo tangu asubuhi hadi saa sita, wakapata mashimo mawili na malengelenge, wakaniambia kwamba shamba letu ni mwamba uliopakwa udongo. Wakaenda zao.

Ndipo nikasikia kuna mtu mwenye trekta iliyofungwa mashine ya kugonga nguzo. Nyuma ya trekta kuna mlingoti wa chuma, na nyundo nzito inayopandishwa juu na kuachiliwa iangukie kichwa cha nguzo. Shimo halihitajiki. Penye mawe, kwanza hugongwa chuma kinene chenye ncha ili kipasue njia, kisha kinang'olewa na nguzo inafuata palepale.

Nilipomweleza mama, aliuliza jambo moja tu.

"Inapiga kelele?"

"Sana, mama. Hata ng'ambo ya mto watasikia."

"Basi ilete."

Nilicheka. Nilidhani anataka majirani wajue kwamba binti yake anajenga ua wa maana. Kisha akanishika mkono, akasema kwa sauti ya chini, "Lakini usimwache nje."

Nilijua anamsema nani. Dada yangu mkubwa alifariki akiwa na miaka kumi na tisa, baada ya kuugua tumbo siku tatu. Alikuwa hajaolewa. Kwetu, binti ambaye hajaolewa hakuzikwa karibu na nyumba kama watu wengine wa boma. Alipelekwa pembeni, mpakani, akazikwa haraka, bila nyimbo nyingi wala alama. Mama alifungiwa nyumbani na wanawake wenzake. Mimi nilikuwa na miaka tisa, nikatumwa mtoni kuchota maji ambayo hakuna aliyeyahitaji. Nikiwa kule nilisikia mtaimbo ukigonga jiwe, ngo, ngo, ngo, muda mrefu sana. Nilipopandisha na mtungi, baba na ndugu zake wawili walikuwa wakinawa mikono. Hakuna aliyetuambia ni wapi, na mama hakuthubutu kuuliza.

Miaka mingi baadaye, baba alipokuwa kitandani, nilimuuliza mimi. Alisema, "Yuko chini ya mgomba wa mwisho. Niliupanda mwenyewe." Alisema hivyo akigeukia ukuta. Wajomba hawangejua, baba zangu wadogo walikuwa wamekwisha kutangulia, na baba alipowafuata nikabaki mimi peke yangu na ule mgomba. Kwa hiyo mama aliponiambia nisimwache nje, nilimjibu kwa majivuno ya mwalimu, "Napajua mahali. Tulia."

Trekta ilikuja Ijumaa asubuhi. Dereva alikuwa mwanamume mpole kutoka upande wa Eldoret, kwa hiyo tulisemezana kwa Kiswahili, ingawa alikuwa amejifunza salamu yetu ya asubuhi, "bwakire buya", na aliwasalimu hivyo hata kuku. Nilimwambia lazima amalize kabla jua halijatua, kwa maana hili ni boma la Waadventista, na mama hajawahi kuruhusu hata kisu kinolewe Sabato ikishaingia.

"Tutamaliza saa tisa, mwalimu," alisema. "Mradi mawe yakubali."

Kamba ya kuonyesha mstari wa ua niliivuta mimi. Mpaka wetu halisi uko chini zaidi, penye kigingi cha wapimaji, lakini kipande kile cha mwisho ni mawe matupu ambayo hata mbuzi hukanyaga kwa mashaka. Niliona hakuna haja ya kuhangaika nacho. Nilipitisha kamba upande wa juu wa mawe hayo, nikahakikisha mgomba wa mwisho umebaki ndani kwa hatua nne nzima. Nilijisifu moyoni.

Halafu nyundo ikaanza. Pigo la kwanza lilinishika kifuani. Chuma kikalia juu ya mwamba, ngo, na harufu ya jiwe lililopigwa ikapanda puani, nami nikawa na miaka tisa, na mtungi kichwani. Sikutarajia. Nilimwambia dereva kwamba vumbi limeniingia machoni. Nguzo ya kwanza ilichukua mapigo ishirini na mawili. Ya pili kumi na tisa. Ya tatu ilikataa kabisa, ikapinda, ikabidi chuma kirudiwe. Siku nzima ilikuwa hivyo, na kila pigo lilikuwa linanifuata popote niliposimama. Nilikwenda kumpelekea mama chai, nikamkuta ameketi wima, mikono juu ya magoti, hajagusa mboga aliyopewa achambue.

"Kelele zinakusumbua?"

"Hapana. Nenda kazini kwako."

Ilikuwa kama saa tisa na nusu tulipofika upande wa chini. Dereva aliweka chuma chake, akaachilia nyundo. Mlio haukuja. Kilisikika kitu kama mtu anayepiga mto wa kulalia. Chuma kilizama. Akaking'oa, akasimamisha nguzo, na nguzo ikaenda kwa mapigo matatu tu, ikapita hata alama ya kina, kichwa chake kikawa chini kuliko wenzake.

"Eeh! Hapa ni siagi, mwalimu!" alisema dereva akicheka. "Mngenianzishia huku."

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeona, kando ya ile nguzo, mawe yaliyolala safu moja, yameota kuvu, kila moja la kutosha kubebwa na mtu mmoja. Mawe hayo hayakujipanga. Kuna watu waliyatoa ardhini moja moja kwa mtaimbo, kisha wakarudisha udongo mtupu.

Nikageuka kuutazama mgomba wa mwisho, hatua nne juu yangu, na ndipo akili ikanijia. Mgomba hutembea. Kila mtoto huchipuka kando ya mama yake, mama hukatwa, mtoto naye huzaa wake, na shina lote huelekea penye samadi. Samadi yetu hutupwa upande wa nyumbani. Nimezaliwa kwenye migomba, nimefundisha watoto sayansi na kilimo miaka thelathini, na bado niliushika mgomba kama mtu anayeshika jiwe la mpaka. Ule wa baba ulikuwa umepanda mlima polepole, ukamwacha dada yangu peke yake kwenye mawe.

Nilimwambia dereva aing'oe ile nguzo. Akanitazama usoni, akazima kicheko. Alifunga mnyororo, akainua nguzo taratibu, akailaza chini. Nilipiga magoti nikapapasa ncha yake kwa vidole. Ilikuwa udongo tu, mweusi, laini, wenye baridi. Nilijiambia haikumfikia. Mpaka leo najiambia.

"Kuna mtu wetu hapa," nilisema.

Dereva alivua kofia. "Pole, mwalimu. Ningejua nisingecheka."

Nilipogeuka nimwendee mama, alikuwa tayari anakuja, akipita kutoka nguzo hadi nguzo, akizigusa kwa fimbo. Hakuwa amewahi kufika upande ule tangu dada afe. Alisimama kando ya shimo.

"Ni hapa," alisema. "Zote zimelia, hii moja haikulia. Nimekaa tangu asubuhi nikiisubiri."

Nililia. Nilimwambia nilidanganya, kwamba sikujua, kwamba nilipiga nguzo juu ya mtoto wake. Hakunifariji wala hakunigombeza. Alisema, "Baba yako pia alisema anajua," kisha akaniuliza kamba itapita wapi sasa.

Kulikuwa na njia moja: kushuka kwenye mawe yale niliyoyakwepa, tumzunguke. Dereva alitazama jua, akatazama mwamba. "Huko ni mapigo hamsini kila nguzo, mama. Sabato yenu itaingia."

"Iingie," mama alijibu.

Nilivuta kamba upya, nikaizungusha nje ya kaburi. Mama akanyoosha fimbo, akapima upana kwa kuigusa kamba huku na huku.

"Ongeza hatua mbili upande huu."

"Za nini, mama? Pale anatosha."

Alichomeka fimbo pale alipotaka kamba ifike. Nina miaka hamsini na tisa. Sijaolewa, na kwetu hakuna asiyejua.

"Wewe ni mwalimu," alisema. "Hesabu."

Nyundo ililia hadi jua likatua na baada ya jua kutua, na majirani walisimama barabarani wakishangaa boma letu. Mama hakuondoka hadi nguzo ya mwisho. Ua wetu una tumbo upande wa chini, na wapita njia huniuliza kwa nini haukunyooka. Nami huwaambia ni mawe. Ng'ombe hulala pale mchana, penye udongo laini, na mimi huwafukuza kutoka upande mmoja tu, ule wa dada. Ule mwingine nauacha. Kamba yake niliishika mwenyewe, nikaongeza hatua mbili kama nilivyoambiwa.