Kundi la Janeffer na Pikapu Iliyonyamaza

Jumapili, tarehe 12 Januari 2025, saa kumi na dakika nane jioni, Janeffer Rono wa Sigor alifungua kundi la WhatsApp na kuliita Mafundi Chipukizi. Tarehe hiyo ingali pale juu kabisa ya kundi. Asiyeamini anaweza kupandisha ujumbe hadi mwanzo akajionea, mradi awe na subira ya kupita picha mia tatu na kidogo za ng'ombe.

Habari ya ng'ombe itakuja.

Janeffer ni fundi wa redio, pampu za kunyunyizia dawa na chochote kingine chenye skrubu. Ana kibanda sokoni Sigor na umri wa miaka arobaini na sita. Alipokuwa na miaka kumi na minne alifungua redio ya baba yake ili ajue sauti inakaa wapi. Aliirudisha, ikaimba kama kawaida, lakini skrubu moja ikabaki mkononi. Hakumpata mtu wa kumuuliza ile skrubu ilikuwa ya nini. Mwalimu alimwambia asome. Mama alimwambia aende akakamue. Kwa hiyo watoto wa siku hizi walipoanza kuja kibandani kusimama tu, wakitazama mikono yake kana kwamba anawapikia, alijua wanachokosa. Akili walikuwa nazo, na waya walikuwa wakiziokota. Walikosa mahali pa kuuliza.

Sheria za kundi zilikuwa tatu. Uwe na miaka kumi na mitatu hadi kumi na tisa. Uonyeshe kitu unachotengeneza. Usimcheke mtu ambaye kitu chake kimekataa kufanya kazi. Kufikia mwisho wa mwezi kulikuwa na namba 163, kutoka Sigor, Chebunyo, Longisa, na chache za upande wa majani chai.

Jambo moja tu Janeffer hakulifikiria. Watoto wa huku kwetu Chepalungu hawana simu. Simu ni za mama zao. Kila mvumbuzi aliingia kundini kwa jina la mzazi na picha ya mzazi akiwa arusini, amevaa kofia.

"Bwana asifiwe," aliandika Mama Kiptanui siku ya pili. "Nikibadilisha waya za mota ya feni itazunguka kinyume ama itaungua?"

Hakuna aliyejua kama anayeuliza ni Mama Kiptanui au ni Kiptanui. Kesho yake namba ile ile iliandika: "Ng'ombe wa kuuzwa. Ana mimba ya pili, anatoa lita kumi na mbili." Mtoto mmoja wa Chebunyo akajibu kwa upole: "Anatumia betri gani?"

Janeffer akatunga sheria ya nne: kila ujumbe uishie kwa herufi, M kwa mtoto na Z kwa mzazi. Sheria hiyo ilifanya kazi siku mbili, hadi Kogo Dorcus wa Longisa alipoanza kuandika. Kogo ni nyanya, na huyu alikuwa na miaka sabini na mmoja. Mjukuu wake alikuwa ameingia kwa simu yake kuuliza habari ya taa ya sola. Sasa Kogo alikuwa akijibu maswali ya watu wengine, na mwisho aliweka M.

Janeffer alimpigia. "Kogo, wewe si mtoto."

"Mimi ni mtoto wa mama yangu," alisema Kogo Dorcus. "Na hiyo taa ni mimi niliunganisha. Huyu kijana alikuwa ameshika tochi tu."

Akabaki.

Mwezi wa pili akaingia Omariba. Ana duka la misumari, mabati na saruji pale Sigor, na binti yake Nyakerario, wa kidato cha pili, alikuwa akitumia simu yake kwa siri tangu Januari. Omariba alipoligundua kundi hakukasirika. Alishangaa. Alilisoma lote kwa jioni tatu, kisha akaandika: "Hili ni kundi gani lisilo na mwenyekiti?"

Hakuna aliyejibu, maana ilikuwa saa za shule na wenyewe walikuwa darasani. Baada ya dakika thelathini akaandika: "Kwa kuwa hakuna pingamizi, nimekubali."

Tangu siku hiyo kundi lilifunguliwa kwa sala saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa kwa sala saa mbili usiku. Likapata kumbukumbu za mikutano. Likapata sheria ya tano, kwamba jambo lolote kubwa litapigiwa kura humo humo kundini, kwa kubonyeza, ili rekodi isipotee. Janeffer hakupinga. Alidhani mwenyekiti ni kama antena ya pili: haisaidii sana, lakini haizuii.

Kisha, mwezi wa tano, Nyakerario alichomoa springi ya mizani ya dukani akaitia kwenye mashine yake ya kukamata kuku. Wiki mbili nzima Omariba alipima misumari kwa kukisia. Alipougundua ukweli aliandika ujumbe mrefu wenye "kwa kuwa" saba. Kwa kuwa simu ni za wazazi, na kwa kuwa vifaa vinavyofunguliwa ni vya wazazi, alipendekeza kundi liwe la wazazi. Watoto wangepewa nafasi moja. Jumamosi tarehe 14 Juni, kati ya saa nne na saa tano, waonyeshe mbele ya watu kitu kimoja kinachosaidia nyumba. Kisipofanya kazi, itapigwa kura watolewe.

"Mzee Chair, nani atawatoa?" Janeffer alimuuliza dukani. "Namba ni zile zile."

"Fundi, utaratibu utajulikana," alisema Omariba.

Janeffer alirudi kibandani akakaa. Akiwa na miaka arobaini na sita alikuwa amepata kile alichokitaka akiwa na kumi na minne, na sasa kingegeuzwa kuwa kundi la wazazi la kuchangia mahema ya arusi.

Kitu walichochagua kilikuwa cha Chepchirchir, msichana wa miaka kumi na mitano ambaye huongea kidogo na huandika sana. Kilihusu maziwa. Pikapu ya kukusanya maziwa, inayoendeshwa na Obure, hufika kona ya Sigor wakati wowote kati ya saa moja na saa tano. Ukiuweka mtungi barabarani mapema, jua huyavundisha maziwa yako. Ukichelewa, Obure ameshapita. Basi kina mama huacha mitungi nyumbani ndani ya beseni la maji, hutega masikio, na wakisikia pikapu hukimbia. Pikapu ya Obure ilikuwa na ekzosi iliyotoboka, na mngurumo wake ulijulikana na kila mtu, hata mbwa. Lakini wanaokaa bondeni hawakuusikia.

Chepchirchir alichukua simu kuukuu yenye kioo kilichopasuka, akaifundisha kwa wiki tatu kuutambua mngurumo ule, akaifunga juu ya mkaratusi kilomita moja na nusu kabla ya kona. Ikiusikia, hutuma neno moja kwa kina mama wote: MAZIWA. Aliijaribu asubuhi kumi na tisa, ikituma kwa simu ya mama yake tu. Ilikosea mara moja tu, mashine ya kusaga mahindi ilipowashwa.

Zilipobaki siku nne, Omariba aliuliza: "Mgeni wa heshima ni nani?"

Janeffer hakuwa na mgeni wa heshima. Lakini alijua kwamba huku, shughuli isiyo na mgeni wa heshima ni watu tu waliosimama. Akamwandikia Obure kadi kwa mkono, kwa kalamu nyekundu na ya buluu. Kadi ilisema: Unaombwa kufika na gari lako ukiwa nadhifu.

Jumamosi watu walijaa kwenye kona. Viti vililetwa kutoka kanisani. Sala ilichukua dakika kumi na moja. Watoto walikuwa wameazimwa simu zote ili wapige picha za tukio, na kina mama walikaa nyuma yao wakichungulia vioo juu ya mabega. Kogo Dorcus alikuwa amekuja kutoka Longisa na kujichagulia kiti cha mbele, katikati ya watoto, akiwa na simu yake mwenyewe.

Saa nne ikapita. Saa nne na robo. Hakuna simu iliyolia.

Saa nne na dakika ishirini, mwanamume mwenye tai alisimama nyuma ya viti. "Hamjambo," alisema.

"Songa kando kidogo," mama mmoja alimwambia bila kuinua macho. "Tunangoja gari."

Akasonga kando. Akangoja pia. Baada ya muda akauliza ni gari gani.

Chepchirchir ndiye aliyegeuka. Alimwona Obure, na nyuma ya Obure akaiona pikapu, imeoshwa, imepakwa mafuta hadi kwenye magurudumu.

"Madam Fundi," alisema polepole. "Hiyo si ndiyo?"

Janeffer alikwenda hadi kwenye pikapu. Injini ilikuwa inawaka. Ilibidi aweke mkono juu ya boneti ndipo aamini.

"Dereva, ile kelele iko wapi?"

"Nilitoa," alisema Obure kwa fahari. "Ekzosi mpya. Nilienda mpaka Bomet. Si mliniandikia nikuje nadhifu?"

Alitoa kadi mfukoni akaionyesha. Mwandiko ulikuwa wa Janeffer, na neno lenyewe lilikuwa kwa wino mwekundu.

"Inatoka kwa muda gani?" Janeffer aliuliza.

"Kutoka? Fundi, imeingia jana."

"Muda gani?"

"Nusu saa. Lakini nimevaa tai."

"Itupe mgongoni," alisema Janeffer, na alikuwa ameshalala chini ya gari na spana.

Saa nne na dakika hamsini na sita ekzosi mpya ilikuwa kwenye nyasi, inang'aa. Obure alirudi juu barabarani kwa mngurumo wa zamani ili ageuze kule ng'ambo ya mkaratusi. Simu ya mtini haikujali. Chepchirchir alikuwa ameifundisha kusikiliza gari linaloteremka, si linalopanda.

Omariba aliitazama saa yake. Ilipotimia saa tano kamili akasimama. "Muda umekwisha. Chombo hakijafanya kazi. Kulingana na sheria ya tano, naweka kura kundini. Kundi libaki la watoto: ndiyo au hapana. Mna dakika kumi."

"Mzee Chair, gari inakuja," alisema Chepchirchir.

"Saa pia ilikuja," alisema Omariba, akabonyeza. Kisha akamrudishia Nyakerario simu amalizie kupiga picha.

Saa tano na dakika tatu simu zote zililia kwa pamoja. Kila mama alikuwa amejichagulia mlio wake, basi zilisikika kwaya nne, jogoo, mtoto anayecheka na king'ora. MAZIWA, zilisema zote.

Hakuna aliyetoa amri. Kina mama walisimama kama mtu mmoja na kukimbia nyumbani kuchukua mitungi. Wanaume wawili waliokuwa wamelala kwenye nyasi walikimbia pia, bila kujua kwa nini. Kogo Dorcus alikimbia na simu yake mkononi hadi kwenye lango la kanisa, ndipo akakumbuka kwamba anakaa Longisa na hana ng'ombe.

Pale kwenye kona wakabaki Omariba, Janeffer mwenye grisi hadi viwikoni, na watoto. Watoto walikuwa na simu.

Omariba aliangalia viti vitupu. Akaangalia vidole vilivyokuwa vikibonyeza.

"Nyakerario, lete simu yangu."

"Baba, bado naitumia."

"Kufanya nini?"

"Napiga kura."

Dakika kumi zilipokwisha, matokeo yalikuwa ndiyo 112, hapana moja. Ile hapana ilikuwa ya Kogo Dorcus, ambaye alieleza kutoka langoni kwamba hawezi kuunga mkono kundi la watoto peke yao kwa sababu yeye angeachwa wapi.

Omariba alisoma matokeo mara mbili. Ni mtu anayeheshimu rekodi, na rekodi ilikuwa pale, ikiwa na jina lake mwenyewe upande wa ndiyo. Obure alishuka kona kwa kishindo, na kina mama wakaanza kurudi na mitungi kichwani. Kwa mara ya kwanza mwaka ule, hata wale wa bondeni waliwahi.

"Kura ni kura," alisema Omariba. "Hiyo simu ya mtini. Inaweza kusikia lori la saruji?"

"Inaweza kufundishwa," alisema Chepchirchir.

"Inafundishwa namna gani?"

Chepchirchir alimtazama Janeffer. Janeffer alikuwa akipangusa mikono, na ilibidi aipanguse muda mrefu.

"Unauliza kwenye kundi, Mzee Chair," alisema. "Lakini mwisho uandike Z."

Mkutano ujao ni Jumamosi tarehe 12 Julai, saa nne asubuhi, kwenye kona ile ile. Nyakerario ataonyesha mashine ya kukamata kuku, kisha springi itarudi dukani. Obure amealikwa tena, na kadi yake inasema aje na gari lilivyo.