Maduka Mawili ya Subira

Ofisini walimwita Mama Salio, na jina hilo hakulichukia. Kwa miaka kumi na minne alikuwa akifuatilia wadaiwa wa kampuni ya rangi: anatuma ankara, anapokea malipo, anayaingiza kwa jina la aliyelipa, na aliyechelewa anampigia simu. Kwa simu alikuwa hodari. Angemuuliza mteja habari za watoto, za mgongo, za paa linalovuja, mpaka mteja mwenyewe aone haya na kulitaja deni kabla yake.

Kwa hiyo asubuhi mwenye duka la Subira alipoketi mbele ya meza yake, Mama Salio alikuwa amejiandaa. Mwanamke huyo alidaiwa malipo ya miezi saba. Barua tatu za onyo zilikuwa zimekwenda, na wiki iliyopita gari la kampuni lilikataa kumshushia hata kopo moja. Lakini hakuja kuomba. Alifungua mkoba, akatoa karatasi za benki zilizobanwa kwa kibanio cha nywele, akazipanga mezani moja moja. Zilikuwa saba.

"Nimelipa kila mwezi, dada," alisema. "Sasa nieleze, pesa yangu mnaipeleka wapi?"

Mama Salio akazitazama karatasi, kisha kompyuta. Karatasi zilisema amelipa, kompyuta ilisema hajalipa, naye siku zote alikuwa akiviamini vyote viwili. Akaomba siku mbili.

Siku hizo mbili kichwa chake kilikuwa kama kabati lililopinduliwa. Benki ilithibitisha kwamba fedha ziliingia. Kama ziliingia, ziko wapi? Akamshuku mtunza fedha, halafu akaona aibu, maana walikuwa wameshirikiana shida na raha miaka yote hiyo. Akajishuku mwenyewe, lakini la kujishukia hakulijua. Nyumbani mumewe alimuuliza kama fundi ameleta mapazia, naye akamjibu kuwa yaliingia tarehe tano. Mume akaenda dirishani kutazama.

Siku ya pili, karibu na saa sita mchana, aliliona kosa. Miezi saba nyuma kampuni ilikuwa imeleta mfumo mpya wa kompyuta, nao ulikata majina marefu. Subira Vifaa vya Ujenzi na Subira Vifaa vya Nyumbani yote mawili yakabaki Subira Vifaa vya, moja juu ya jingine. Kila mwezi alikuwa amechagua la juu. Kwa mkono wake mwenyewe, mara saba, malipo ya mwanamke yule yalikwenda kwa mtu mwingine.

Mhasibu mkuu, alipoelezwa, hakufoka. Alisema yafutwe, yaingizwe upya, mwanamke aombwe radhi, na yule mwingine adaiwe chake. Akaongeza kwamba barua ya onyo itawekwa kwenye faili la Mama Salio. Kilichomtatiza Mama Salio ni huyo mteja mwingine: mwenye Subira ya juu alikuwa akiona deni lake linapungua kila mwezi, naye hajalipa hata senti. Mbona hakuuliza? Akaomba ampelekee ankara mwenyewe.

Dukani alimkuta mwenyewe, mzee mmoja, fundi rangi mstaafu, akipanga vitasa kwenye rafu. Mzee alimkaribisha kiti, akamwita mwanangu, akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akakiweka chini kitasa alichokishika.

"Kwa hiyo hakuwa kijana wangu?" aliuliza.

Ndipo akamweleza. Kitindamimba wake alikuwa kazini mbali. Waligombana, na kwa miaka minne hawakusemezana. Mzee alipoona deni linashuka, aliamini ni mtoto anayelipa kimyakimya. Deni liliposhuka mara ya tatu, akameza kiburi, akampigia simu kumshukuru. Tangu hapo walikuwa wakizungumza kila wiki.

"Na ulipomshukuru, alisemaje?" Mama Salio aliuliza.

"Alinyamaza kidogo. Halafu akasema, si kitu, baba."

Wakatazamana. Mzee akaanza kucheka, akaacha katikati. Labda kijana alidhani anashukuriwa kwa jambo jingine. Labda aliogopa kuikata simu ile kwa ukweli. Mzee akamuuliza: amwambie kijana, au aache tu? Mama Salio alijua kwamba amemtesa mwanamke mmoja bure. Kama huyu naye alikuwa amemtendea mema au mabaya, hakuweza kujua.

"Sijui, mzee wangu," alisema. "Kweli sijui."

Mzee akakubali kulipa kwa awamu tatu, akatia sahihi.

Mwanamke wa Subira ya chini alidai punguzo kwa fedheha ya miezi saba, akapewa. Mwishoni mwa mwezi awamu ya kwanza ya mzee ikaingia, imetumwa kutoka benki ya mbali, na jina la mlipaji halikuwa la mzee. Mama Salio aliinua simu ampigie mzee amuulize. Simu ikalia mara moja upande wa pili, naye akaikata. Alihakiki namba ya mteja mara mbili, mara tatu, ndipo akayaingiza malipo.