Karani wa Mizigo

Tangu serikali ichukue reli kwa ajili ya vita, raia hawakuruhusiwa kupanda treni. Ilibeba shehena ya jeshi tu. Karani wa mizigo aliishika amri hiyo kama mtu aliyeshika yai. Kila mhuri aliupulizia mara mbili kabla ya kuugonga, kisha akautazama mduara wa wino huku kainamisha kichwa upande, kama anayemkagua mtoto siku ya kwanza ya shule. Asubuhi moja akaja mama mtu mzima. Mwanawe amejeruhiwa, amelazwa hospitali ya jeshi kule reli inakoishia. Karani akakohoa, akaupulizia mhuri.

"Panda kwenye mizani, mama."

Akapanda. Karani akasoma, akaandika.

"Kilo themanini? Mizani yako ina uongo, mwanangu."

"Ni ya serikali, mama."

Akamfunga lebo mkononi kwa vidole vyake vya wino, taratibu, kamba isimbane: MALI YA JESHI. USIPINDUE. Mama akachukua kikapu chake, akaelekea kwenye behewa, ambako askari alikuwa akikagua lebo.

"Subiri, mama," karani akamwita, akivuta toroli. "Mzigo hautembei."