Mchoro Ulioita Moto

Nilikuwa mtoto wa kutumwa maji mtoni, meno ya mbele hayajaota tena, wakati Wajerumani walipokuwa na boma Mahenge. Kijijini kwetu, ng'ambo ya Ifakara, kukaletwa mwalimu. Alikuwa kijana mpole kutoka misheni. Alitufundisha kusoma, na habari za watu wa kale na za nchi. Siku moja alitupeleka kando ya Kilombero, akachukua ufito, akachora mchangani: mto, milima ya Mahenge, njia ya kwenda Kiberege, kisha nyumba zetu moja moja. Nilifurahi mno kuiona nyumba yetu.

Nilipomsimulia bibi, aliyenilea, aliacha kutwanga.

"Mmefuta?"

"Hapana, bibi."

"Mahali pakichorwa chini, moto unapaona. Mwambieni afute."

Kesho yake nilimwambia mwalimu. Akatabasamu. "Ni mchanga tu, mwanangu." Mchoro ukabaki, nami kila nikienda kuchota maji nilizunguka mbali.

Haukupita muda, vita vya Maji Maji vikafika bondeni. Askari wa Wajerumani walikuja asubuhi. Tulikimbilia kwenye matete, tukalala kifudifudi topeni, bibi amenifumba mdomo kwa kiganja. Nilisikia maghala yetu yakiungua. Mpunga ukiungua hulia kama mvua juu ya majani makavu. Nikajua moto umetuona.

Askari walipoondoka, niligundua si mimi peke yangu niliyewaza hivyo. Mjomba alimburuta mwalimu mbele ya watu, panga mkononi.

"Huyu ndiye aliyewachorea njia."

Bibi akapenya katikati ya wanaume, akasimama kati ya mwalimu na mjomba, mwanawe wa kumzaa.

"Mimi ndiye niliyesema mchoro unaita moto," alisema. "Sikusema auawe mtu. Ukimkata, anza na mimi mama yako."

Mjomba akashusha panga. Jioni ile bibi alimsindikiza mwalimu hadi kwenye mtumbwi. Alivuka, wala hatukumwona tena. Bibi naye alichukuliwa na njaa iliyokuja baada ya vita.

Sasa ni mimi ninayewafundisha watoto wadogo habari za nchi na za vita vile. Najua askari hawakuhitaji mchoro wa mchangani. Njia ya kwetu waliijua tangu walipokuwa wakija kukamata wapagazi. Lakini sijaweza kumcheka bibi. Aliogopa tusije tukajulikana na wenye bunduki, na hofu yake haikuwa ya bure.

Watoto huniuliza nani alikuwa shujaa. Huwatajia waliopigana. Kisha huwasimulia habari za bibi kizee aliyeamini kabisa kwamba mwalimu ndiye aliyetuletea moto, na bado akasimama mbele ya panga kwa ajili yake.